Posa Isiyo na Firigisi

Muyeye, Malindi
Jumatatu, 20 Aprili 2026

Kwa Mzee Kitsao,
Msemaji wa ukoo katika mambo ya posa,
Jilore.

Baba Mkubwa, shikamoo.

KUH: KUPINGA ENCHILADA ZA MAHARAGWE KATIKA POSA YA SIDI

Jana Jumapili, tulipotoka kanisani, mke wangu Kabibi alitangaza kwamba Jumamosi ijayo hapatachinjwa kuku nyumbani kwangu. Aliyasema haya jikoni, mbele ya mashahidi wawili: binti yetu Sidi, ambaye alitabasamu, na dada yangu Mapenzi, ambaye alicheka mpaka akashika meza. Nilimwomba Kabibi ayarudie maneno yake nisije nikamnukuu vibaya. Aliyarudia polepole, kama anayemsomea mtoto imla: "Hapachinjwi kuku, Baba Sidi. Wageni watakula enchilada." Kisha akaendelea kukata vitunguu.

Kwa kuwa wewe ndiwe utakayeketi upande wangu siku hiyo na kusema kwa niaba ya ukoo, nimeona ni haki yako kuijua habari hii kabla hujaiona kwenye sinia. Nimeifanya kazi ya uandishi wa habari katika pwani hii zaidi ya miaka thelathini. Nimeandika juu ya mafuriko, juu ya shamba moja lililouzwa kwa watu watatu, na juu ya kisima kilichozinduliwa na viongozi wanne, kila mmoja na utepe wake, na mpaka leo hakijatoa maji. Katika yote hayo sikuwahi kulalamika. Leo nalalamika, na nitajitahidi kuweka ukweli mbele na hasira nyuma.

Ukweli ni huu. Wageni wetu ni Utsav, kijana anayetaka kumwoa Sidi, pamoja na mama yake Shital, na bibi yake mzaa baba, Chanchalben. Ni Wahindi wa hapa hapa Malindi, wenye duka la vitambaa ambamo mama yangu alinunua leso kabla mimi sijazaliwa. Hawali nyama, hawali samaki, hawali mayai. Nilidhani ni mfungo nikauliza unaisha lini. Sidi alinijibu kwamba hauishi.

Juu ya kijana mwenyewe sina neno. Ameshika adabu zetu zote. Alipoambiwa kwamba kwetu maneno ya posa hayafunguki bila kadzama, yaani kibuyu cha pombe ya mnazi cha wazee, alikubali palepale, ingawa kwao hakuna anayekunywa. Nilipata shaka kidogo. Mtu anayekubali haraka hivyo ama ni mwungwana au hajasikiliza. Nilimfuatilia kwa juma zima na nasikitika kukuarifu kwamba ni mwungwana.

Tatizo ni bibi. Bibi Chanchalben ndiye mkubwa wa nyumba yao, na hakuna aliyewahi kumwona akitia kitu kinywani nje ya nyumba hiyo. Nawe wajua kwetu ilivyo: mgeni wa posa asipokula, amekataa. Hahitaji kusema. Anainuka, anashukuru, na binti anabaki. Nimeuliza na kwao nikaambiwa ni hivyo hivyo. Kwa hiyo Wagiriama na Wahindi, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya kiasi cha pilipili, katika jambo hili wanakubaliana kabisa, na mwenye kuumia kwa mapatano hayo ni Sidi. Kabibi alinieleza kwa maneno machache: "Yule bibi asipokula, mtoto haolewi. Hiyo ndiyo habari. Hayo mengine ni matangazo."

Sasa nieleze hiyo enchilada ni nini, maana najua utauliza, na Jilore hakuna wa kukujibu. Ni chakula cha Meksiko, nchi iliyo mbali hata ukiitafuta kwenye ramani. Ni chapati nyembamba ya mahindi iliyotiwa kitu ndani, ikakunjwa kama mkeka, ikapangwa na wenziwe kwenye sinia, ikamwagiwa rojo la nyanya na pilipili, kisha ikaokwa. Watu wa huko huijaza nyama, kwa hiyo hata wao wana akili. Kabibi aliiona kwenye simu ya Sidi, akachagua ile isiyo na nyama.

Jaribio la kwanza lilifanywa mwezi uliopita kwa unga wa sima. Chapati zilivunjika kama vigae na nikafurahi. Katika jaribio la pili alichanganya unga wa ngano kidogo, akakanda kwa maji ya moto, akazifunika kwa kitambaa zikiwa na mvuke wake. Zikatii. Ndani alitia maharagwe aliyoyaponda, mahindi mabichi, mchicha, kitunguu na bizari nyembamba. Juu akakuna jibini. Kwa kuwa hatuna oveni, alipalia makaa juu ya kifuniko na mengine chini, vile vile mama yangu alivyokuwa akioka mkate wa sinia. Sufuria ni mpya. Haijapata kupikwa nyama na imetundikwa peke yake kwenye msumari wake, na mimi, mwenye nyumba, nimekatazwa kuigusa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Enchilada haina firigisi.

Kuku ana firigisi moja. Moja tu, na Mungu hakukosea hesabu. Aliiweka moja ili katika kila nyumba ijulikane nani ni nani. Ukiingia usipomjua mtu yeyote, tazama firigisi inakokwenda: hapo pana mkubwa. Kidari ni cha mgeni, paja ni la mkwe, na mabawa ni ya akina dada. Nilipomweleza Kabibi haya, Mapenzi alidakia. Huyu ni mtu aliyekula mabawa tangu alipoota meno, wala hakuna aliyewahi kumwuliza kama anayapenda. Alisema: "Kaka, hicho kiungo chako kina ukubwa wa kifundo cha kidole, na kwa miaka hamsini mmetutawalia nacho." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo. Kisha nikakadiria ukubwa wa firigisi kwenye kidole changu, nikaona amezidisha kidogo tu.

2. Enchilada zote zinafanana.

Katika sinia la majaribio zilikuwa kumi na mbili. Nilizikagua moja moja. Hakuna iliyokuwa nono kuliko nyingine, hakuna iliyokuwa na cheo. Niliuliza: nani anaanza? Kabibi akajibu: "Aliye na njaa." Baba Mkubwa, ukoo wetu umesimama karne ngapi bila ya jibu kama hilo? Mapenzi alianza, kwa sababu alikuwa karibu na sinia. Alichukua ya katikati. Nilingoja litokee jambo. Halikutokea.

3. Enchilada haina mfupa.

Hili ni zito kuliko linavyosikika. Katika vikao vyote nilivyoripoti, vya kaunti, vya kanisa na vya ushirika wa wavuvi kule Ngomeni, nimejifunza kwamba swali gumu huletwa wakati wa kula, na anayejua kula hajibu. Anatafuna. Anainua kidole kuonyesha kwamba jibu liko njiani. Anageuza mfupa upande wa pili. Mpaka mfupa uishe, mwuliza swali amesahau au ameitwa nje. Najua kamati moja iliyoulizwa zilikokwenda dawa za zahanati, na jibu lao mpaka leo liko ndani ya paja la kuku.

Na wewe mwenyewe ni shahidi. Siku ya posa yangu, baba yake Kabibi aliuliza mbele ya watu kama kuandika magazetini ni kazi au ni tabia. Ulikuwa na mfupa mkononi, ukautafuna taratibu, ukautazama, ukaurudia, mpaka mtu wa tatu akaanza habari ya mvua. Mfupa ule ndio ulionioza. Jumamosi tukiulizwa kwa nini Sidi ana miaka ishirini na minane na bado hajui kukuna nazi bila kuukata mkono, utatafuna nini? Enchilada huteremka yenyewe. Kinywa kinabaki kitupu, na kinywa kitupu hakina budi kujibu.

Kabibi amedai kwamba hoja hii haina nguvu kwa kuwa, namnukuu, "Baba Mkubwa amebakiwa na meno matatu, na hayo matatu hayasemezani." Nilikataa kulijadili jambo la meno yako bila wewe kuwapo.

4. Chakula hiki hakina mwenyewe.

Mimi sichapishi habari isiyo na chanzo. Nilimwuliza Kabibi: umejuaje kwamba ndivyo inavyopikwa? Alinijibu kwa utulivu unaonitia hofu kuliko kelele. Alisema: "Nikipika dengu, bibi ataonja na kujua kwamba namwiga. Nikipika kuku, hali. Nikipika wali wa nazi na maharagwe, wewe utasema nimekuaibisha mbele ya wakwe kwa chakula cha siku za kawaida. Hiki, hapa Malindi nzima, hakuna wa kunisahihisha."

Nilijaribu kumpata wa kumsahihisha. Nilimwendea Emily, jirani yetu, aliyewapikia watalii katika hoteli moja ya ufuoni mpaka hoteli ilipofungwa. Nilimwuliza enchilada sahihi ni ipi. Akasema kila mtu huipika apendavyo. Nilimwambia hilo si jibu. Akasema: "Basi, shemeji, niletee moja nionje, ndipo nikupe jibu." Nilimpelekea. Alikula, akafuta sahani kwa kidole, akasema hana uhakika, nimpelekee nyingine. Mpaka naandika barua hii bado hana uhakika.

5. Jogoo.

Jogoo yupo. Niliyemtenga kwa ajili ya siku hii ni yule mwekundu mwenye mkia mweusi, na Muyeye yote inajua ametengwa. Majirani wamemwona akinenepa. Mama wa nyumba ya tatu amekuwa akimwita Mkwe. Sasa fikiri, Baba Mkubwa, Jumapili asubuhi baada ya posa. Watu wako vitandani. Jogoo anawika.

Hapo kila nyumba itajua kwamba wageni walikuja, wakakaa, wakaondoka, na kwangu mimi Mwaro halikumwagika hata tone la damu. Nyumba zetu zimebanana. Hakuna ukuta unaozuia sauti ya jogoo. Nimeandikia magazeti matatu maishani mwangu na hakuna hata moja lililowahi kufika kila nyumba kwa wakati mmoja kama atakavyofika yeye. Na hawiki mara moja. Huyu hurudia habari mpaka jua litoke.

Kabibi ameshauri jogoo apelekwe kwa Mapenzi siku mbili. Mapenzi amesema atampokea ila hawezi kuahidi kumrudisha.

6. Enchilada ni tamu.

Kwa hili sina la kuongeza.

7. Jambo hili halitaishia kwenye sinia.

Naomba unifuate hatua kwa hatua, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Pasipo na firigisi, hapana mkubwa wa kula kwanza. Pasipo na mkubwa wa kula kwanza, hapana mkubwa wa kusema kwanza. Pasipo na wa kusema kwanza, yeyote anasema. Nilidhani nazidisha, kama tunavyofanya sisi waandishi nafasi ikibaki tupu ukurasani. Lakini jana ile ile, Kabibi akikunja chapati, Sidi alisema: "Baba, kama kwenye sinia hakuna mkubwa wala mdogo, nami nitaketi. Nitaketi hapo mnaponizungumza."

Nilimwambia kwamba binti hukaa ndani, huitwa mara moja, huulizwa kama anawajua wageni hawa, hujibu ndiyo, na hurudi ndani. Akasema: "Ndiyo hilo. Mnaniuliza kama nawajua. Hamniulizi kama nawataka."

Baba Mkubwa, leo ni maharagwe. Kesho bibi harusi anaketi katika posa yake mwenyewe. Keshokutwa anaulizwa kama anataka kuolewa, na anajibu, na jibu lake linasikilizwa. Tukifika huko, wewe na mimi tutakuwa na kazi gani? Wazee wanane watatoka Jilore, wamevaa kanzu na kofia, waje Malindi kusikiliza watu wawili waliokwisha kukubaliana? Ukoo mzima utakuwa umegeuka wageni waalikwa. Na mlango uliotufikisha hapo ni chapati iliyokunjwa.

Kwa sababu hizo saba, naomba kwa heshima utoe uamuzi juu ya mojawapo ya haya, kwa mfuatano:

Kwanza, kwamba enchilada zisimamishwe mpaka wazee watakapokaa na kuamua ni kiungo gani cha enchilada kinachostahili kuitwa firigisi.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi moja katika kila sinia itiwe alama, kwa mfano pilipili nzima juu yake, ili mkubwa ajue yake ni ipi bila kuuliza. Kabibi amekubali kuitia alama yangu. Amesema itakuwa ile iliyojazwa mboga ya mutsunga mtupu, usiochemshwa kutolewa uchungu. Naomba uamuzi wako uwe na kinga dhidi ya hilo.

Ikiwa nalo ni gumu, basi jogoo achinjwe nyuma ya nyumba, kwa kelele za kutosha kusikika mtaani, huku wageni wakiwa sebuleni wanakula maharagwe yao. Nyama yake ipelekwe kwa majirani kabla hawajauliza. Hapo heshima itakuwa imesikika, ingawa haikuonekana.

Ikiwa hata hilo mtaliona ni kuwakosea wageni, basi naomba posa iahirishwe mpaka mojawapo ya mambo mawili litokee: ama familia ile ianze kula kuku, ama jogoo afe kwa uzee. Najua Sidi atasema yeye ndiye atakayezeeka kwanza. Nimelitia hilo maanani, na nimeliweka katika upande wa hasara.

Nisingependa udhani kwamba napinga ndoa hii. Napinga tu kila njia ambayo kwayo inaweza kufanyika. Nilipomwambia Mapenzi hivyo alisema: "Kaka, ungekuwa na mtoto wa pili ungeyasema haya?" Sikuliona swali hilo kuwa na uhusiano na kuku.

Tafadhali wasalimie wote hapo Jilore. Msalimie Mama Mkubwa, umwambie mihogo aliyoleta ilikuwa mizuri na Kabibi amekataza isipikwe Jumamosi. Wasalimie wazee wote watakaokuja, hasa yule asiyekula pilipili, ambaye namhurumia mapema. Wasalimie vijana wanaolima bondeni, na mwalimu wa shule, na fundi baiskeli, na yeyote atakayeuliza hali yangu. Jibu ni kwamba niko salama na sijashauriwa.

Nabaki, katika utii kwako na katika ubishi na nyumba yangu,

Mwanao,
Mwaro Mangi

Baada ya sahihi:

Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii wakati Utsav alipokuja mlangoni na ujumbe kutoka kwa bibi yake. Hakuwa na karatasi. Bibi alimtaka auseme kwa kinywa, na auseme kwa Kiswahili kile kile alichokitumia yeye, ambacho ni cha mji wa kale na ni kizuri kuliko changu. Niliuandika akiusema, kisha nikamsomea kuhakikisha. Ni huu:

"Mwambie Bwana Mwaro nimesikia kwamba ana jogoo na kwamba ana dhiki. Amchinje. Awapikie wazee wake mbele yangu, nami nitakaa pale pale nile nitakachopewa. Nimezaliwa Malindi, na nyumba ya kushoto kwetu hupika kuku na ya kulia hukaanga papa. Harufu ya chungu cha jirani haijanitoa roho. Kama ni sufuria, nimesikia mkewe amenunua mpya kwa ajili yangu. Mwambie mkewe kwamba hilo nimeliona tayari, hata kabla sijafika. Nitakula."

Niliutafuta ujumbe huu dosari kama ninavyozitafuta taarifa za serikali. Sikuipata. Niliuliza kama Bibi ametoa sharti lolote. Utsav akasema hakuna.

Nawe waona nilipofikishwa. Nimepewa kila nililolidai, na mtu mwenye haki ya kuninyima. Kwetu mgeni akikuachia haki yake nawe ukaichukua, basi wewe ndiwe mgeni, na yeye ndiye mwenye nyumba. Nikimchinja jogoo sasa, mwanamke mwenye miaka themanini atakuwa amenishinda adabu sebuleni kwangu, mbele ya wazee wa Jilore, kwa sentensi chache alizozituma kwa mjukuu. Siwezi kulikubali hilo hata kwa firigisi kumi.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya saba yameondolewa, isipokuwa la sita, ambalo lilikuwa la kweli. Kuku hachinjwi, na watu wa Muyeye wakiuliza, waambiwe ni kwa amri ya mwenye nyumba. Sidi ataketi sebuleni. Nimemwekea kiti mkabala na changu, ili atakapoulizwa kama anataka nimwone uso, kwa kuwa jibu lile nitalisikia mara moja tu.

Kabibi aliposikia uamuzi huu hakusema nimeshindwa. Alinipa bakuli la unga na maji ya moto, akaniambia nianze kuzoea, kwa sababu wageni na wazee pamoja ni wengi na yeye ana mikono miwili. Chapati saba za kwanza zimevunjika. Ya nane imekunjika, ingawa imepinda.

Kuhusu mpangilio: Bibi Chanchalben atahudumiwa wa kwanza. Wewe utakuwa wa pili. Naomba ulikubali hilo ukiwa bado Jilore ili lisitushughulishe hapa. Posa ni Jumamosi, tarehe 25 Aprili, saa nne asubuhi.

M.M.